Bima ya afya ya mstaafu wa jeshi la Marekani: nani analindwa, lini, na kwa masharti gani

Wahamiaji wa Afrika Mashariki walioingia katika jeshi la Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000 wameanza kustaafu, na wale walioingia kupitia mpango wa MAVNI, uliobuniwa mwishoni mwa mwaka 2008 kwa ajili ya wahamiaji wenye taaluma ya tiba au wenye kujua lugha zilizohitajika na jeshi, Kiswahili kikiwemo, wamebakiza miaka michache tu kufikia zamu yao. Pamoja na kustaafu huko umeenea usemi kwamba ukimaliza miaka 20 jeshini, wewe na mkeo mmekwisha kupata matibabu ya bure mpaka kufa. Usemi huo una ukweli ndani yake, lakini unakosea mahali patatu. Si kila aliyevaa sare anapata haki hiyo. Matibabu yenyewe si ya bure. Na "wewe na mkeo" hamhesabiwi kama mtu mmoja. Kosa la tatu ndilo linalowagharimu watu zaidi, kwa sababu sheria haiitazami nyumba bali inamtazama kila mtu peke yake, kwa umri wake, kwa hali ya ndoa yake na kwa yale yaliyoandikwa katika rejista.

Mstaafu ni nani

Kwa sheria ya Marekani, mstaafu wa jeshi ni mtu aliyemaliza angalau miaka 20 ya utumishi, au aliyestaafishwa mapema kwa sababu ya ulemavu uliopimwa na jeshi kuwa asilimia 30 au zaidi. Askari wa akiba na wa Walinzi wa Taifa naye huwa mstaafu baada ya kutimiza miaka 20 inayokubalika, ila bima ya wastaafu humfikia akiwa na umri wa miaka 60, hata kama pensheni yake imeanza kabla ya hapo. Aliyetumikia miaka minne au minane akaondoka kwa heshima si mstaafu. Huyo ni mkongwe wa jeshi, na mlango wake ni wa Wizara ya Masuala ya Wakongwe, inayojulikana kwa herufi VA, yenye hospitali na zahanati zake yenyewe.

Tofauti hii inahitaji kukaziwa kwa sababu ya mwenza. VA humtibu mkongwe mwenyewe, wala haimtibu mkewe au mumewe. Ipo njia moja ndogo iitwayo CHAMPVA, inayomhudumia mwenza wa mkongwe mwenye ulemavu wa kudumu na kamili uliotokana na utumishi, au aliyefariki kwa sababu ya ulemavu huo, mradi mwenza huyo hana haki ya TRICARE, yaani bima ya Wizara ya Ulinzi. Nje ya njia hiyo, mke wa aliyetumikia miaka minane hana bima yoyote itokanayo na jeshi, hata mumewe awe anatibiwa VA kila wiki.

TRICARE ndiyo bima yenyewe tunayoizungumzia. Ni mpango wa Wizara ya Ulinzi kwa ajili ya askari walio kazini, wastaafu na familia zao, na unahudumia watu wapatao milioni 9.5. Medicare ni kitu kingine kabisa: ni bima ya serikali kuu kwa watu wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, na kwa baadhi ya walemavu walio chini ya umri huo, wawe walikwenda jeshini au hawakwenda. Sehemu A ya Medicare hugharimia kulazwa hospitalini, na Sehemu B hugharimia madaktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi. Kisha kuna DEERS, ambayo si bima bali ni rejista ya watu wenye haki. Asiyeandikwa humo hatambuliwi, hata awe na cheti cha ndoa kilichopigwa mihuri kumi.

Ahadi iliyokwenda mahakamani

Dhana ya matibabu ya bure haikuzuka hewani. Kwa miongo mingi maofisa walioandikisha vijana jeshini waliwaahidi kwamba wakitumikia miaka 20, wao na familia zao watatibiwa bure maisha yao yote. Bunge halikuwahi kuiandika ahadi hiyo katika sheria. Medicare ilipoanza mwaka 1966, mfumo uliojengwa kwa ajili ya wastaafu, ulioitwa CHAMPUS, ulimwachia Medicare kila aliyefika miaka 65, na kadiri hospitali za kijeshi zilivyozidi kufungwa au kukosa nafasi, wazee wakajikuta wakilipa kutoka mifukoni mwao kile kilichobaki.

Wastaafu wawili wa jeshi la anga, William Schism na Robert Reinlie, waliishtaki serikali, wakitetewa na kanali mstaafu George Day, aliyewahi kuwa mateka wa vita Vietnam na mwenye Nishani ya Heshima. Novemba 2002 mahakama ya rufani ya Federal Circuit iliamua kwa kura 9 dhidi ya 4 kwamba maofisa wale hawakuwa na mamlaka ya kuifunga serikali kwa ahadi yao, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa. Kwa hiyo mzee anayesema "niliahidiwa" huenda anasema kweli tupu, na bado ahadi hiyo haina nguvu ya kisheria. Haki aliyo nayo leo ni ile tu iliyomo katika sheria.

Sheria hiyo nayo ilikuwa imekwisha kubadilika kabla ya hukumu. Oktoba 2000 Bunge lilipitisha mpango wa TRICARE for Life, ulioanza kazi tarehe 1 Oktoba 2001, na kuwarudishia wastaafu waliofika miaka 65, pamoja na wenza wao wa umri huo, kinga ya TRICARE juu ya ile ya Medicare. Hadi sasa huo ndio mpango wa uzeeni.

Kabla ya miaka 65

Mstaafu mwenye miaka 45 hapati bima kwa kukaa tu. Ana siku 90 tangu tarehe ya kustaafu za kujiandikisha yeye na familia yake katika mojawapo ya mipango miwili, Prime au Select. Ndani ya Prime mgonjwa huwa na daktari mmoja wa kudumu na huhitaji rufaa yake ili kumwona bingwa. Gharama zake ni ndogo, lakini mpango haupatikani kila jimbo wala kila mji. Ndani ya Select mgonjwa huchagua daktari mwenyewe na huchangia zaidi kila anapotibiwa. Mipango yote miwili ina ada kwa wastaafu. Hata wale wa zamani, walioingia jeshini kabla ya tarehe 1 Januari 2018 na ambao hawakuwahi kulipa ada ya Select, walianza kulipa Januari 2021: dola 12.50 kwa mwezi kwa mtu mmoja na dola 25 kwa familia, viwango ambavyo hupandishwa mara kwa mara. Ukilinganisha na bima za waajiri wa kawaida Marekani, hiyo ni bei ya chini sana. Lakini si bure, na asiyelipa huondolewa.

Miaka 65 na Sehemu B

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, nami nitakaa hapa kidogo.

Mstaafu akifika miaka 65 hutoka katika Prime au Select na kuingia TRICARE for Life. Mpango huu hauna fomu ya kujiandikisha wala ada yake. Una sharti moja tu: mhusika awe na Sehemu A na Sehemu B za Medicare. Sehemu A kwa kawaida haina malipo ya kila mwezi kwa aliyelipa kodi ya Hifadhi ya Jamii kwa jumla ya miaka 10, na askari wamekuwa wakikatwa kodi hiyo tangu mwaka 1957, kwa hiyo mstaafu wa miaka 20 amekwisha kutimiza hesabu. Sehemu B hulipiwa. Kiwango cha kawaida kilikuwa dola 185 kwa mwezi mwaka 2025 na kimekuwa dola 202.90 mwaka 2026, nao wenye kipato kikubwa hulipa zaidi.

Watu huuliza kwa nini walipie bima ya pili ilhali walikwisha kuipata ya kwanza kwa jasho lao. Jibu limo katika namna mpango ulivyojengwa. Ajengaye nyumba ya udongo husimika miti na kufunga fito kwanza, ndipo akandike. Medicare ndiyo fito, na TRICARE for Life ni udongo unaoziba mianya yote iliyoachwa. Pasipo fito udongo hauna pa kushika, hata uwe mwingi na mzuri namna gani. Kwa hesabu: bili ya daktari ya dola 1,000 iliyokubaliwa na Medicare, baada ya mgonjwa kufikisha kiwango cha mwaka ambacho Medicare hailipi, hulipwa dola 800 na Medicare na dola 200 zinazobaki na TRICARE, na mgonjwa halipi chochote. Kiwango hicho cha mwaka nacho kwa kawaida hubebwa na TRICARE. Akikosa Sehemu B, hazipotei zile dola 800 tu. TRICARE nayo hujitoa, na bili nzima humwangukia yeye.

Mtego mbaya zaidi humnasa anayeendelea kufanya kazi. Kanuni za Medicare zinamruhusu mtu wa miaka 65 aliye na bima ya mwajiri kuchelewesha Sehemu B bila adhabu, na ofisa wa rasilimali watu kazini atamweleza hivyo kwa nia njema. Asichokijua ofisa huyo ni kwamba TRICARE haina msamaha huo kwa wastaafu na wenza wao. Medicare haitamwadhibu anayechelewa, lakini TRICARE yake itasimama siku ile ile Sehemu A inapoanza, mpaka atakapoichukua Sehemu B. Wengi huligundua hilo kaunta ya duka la dawa. Vivyo hivyo anayesema kwamba VA inamtosha na Sehemu B haina haja: kwa magonjwa yake yanayotibiwa VA huenda kweli inamtosha, lakini anapoiacha Sehemu B anaiacha TRICARE pia.

Muda wa kujiandikisha ni miezi saba: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza miaka 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Aliyezaliwa tarehe 1 ya mwezi huhesabiwa kana kwamba alizaliwa mwezi uliotangulia, na Medicare yake huanza mapema kwa mwezi mmoja. Kwa TRICARE, muda huo usichukuliwe kama miezi saba kamili. Atakayejiandikisha katika mwezi wake au baada yake atakuwa amekwisha kuacha pengo. Na atakayepitwa na muda wote, bila sababu inayokubalika, hungoja dirisha la Januari hadi Machi, kisha huongezewa asilimia 10 ya malipo kwa kila miezi 12 aliyochelewa. Aliyechelewa miaka mitatu hulipa asilimia 30 zaidi, si kwa mwaka mmoja bali kwa muda wote atakaokuwa na Sehemu B.

Mwenza ana hesabu yake

Chukua mzee wa miaka 65 na mkewe wa miaka 57. Siku mzee anapoingia TRICARE for Life, mkewe hamfuati. Atabaki Prime au Select, akilipiwa ada ya mtu mmoja, mpaka naye atimize miaka 65. Familia nyingi hudhani mke amehama pamoja na mumewe, zikaacha kulipa ada, na mama akajikuta hana bima kwa miaka minane ambayo alikuwa na haki nayo yote.

Sasa ugeuze umri. Mke ana miaka 65, hakuwahi kufanya kazi ya kulipiwa kodi Marekani, na mume mstaafu ana miaka 60. Mke anaweza kupata Sehemu A bila malipo kwa rekodi ya mumewe, lakini si kabla mume hajafika miaka 62. Katika miaka hiyo miwili anaruhusiwa kubaki Prime au Select, mradi apate barua ya Hifadhi ya Jamii inayothibitisha kwamba hajastahili Sehemu A na barua hiyo iingizwe katika DEERS. Mume akifika 62, mke huomba upya, na hapo Sehemu B huwa ya lazima. Hata hivyo, ni busara aichukue Sehemu B tangu afikapo 65, ili asije akatozwa nyongeza ya kuchelewa.

Mke au mume aliyeolewa baada ya mstaafu kuondoka jeshini ana haki sawa na wa zamani. Huandikwa DEERS kwa cheti cha ndoa, kisha huwa na siku 90 tangu harusi za kujiunga na mpango. Uraia wa Marekani si sharti. Ila ndoa inayotambuliwa ni moja tu, kwa hiyo mwenye wake wawili, hata kama sheria ya kwao inawatambua wote, atamwandikisha mmoja. Wazazi nao hawaingii TRICARE, jambo linalowauma wengi wetu: mama mzazi uliyemleta kuishi nawe Texas, hata umlishe na kumvisha wewe, anaweza kupata nafasi katika hospitali ya kijeshi kwa masharti fulani, lakini bima hii haitamlipia daktari wa nje.

Ndoa ikivunjika, kinga ya mwenza huisha siku ya talaka. Kanuni inayomwokoa huitwa 20/20/20: ndoa iwe imedumu miaka 20, utumishi miaka 20, na miaka 20 ya vyote viwili ipishane. Anayetimiza hayo hubaki na TRICARE kwa jina lake mwenyewe, mradi asiolewe tena na asijiunge na bima ya mwajiri. Miaka ya kupishana ikiwa 15 badala ya 20, hupata mwaka mmoja tu wa mpito. Ndoa ya miaka 19, kwa bahati mbaya, haihesabiwi kuwa imekaribia. Hakimu wa talaka hana uwezo wa kuibadilisha kanuni hii, na wakili anayemwahidi mama wa miaka 12 ya ndoa kwamba "tutaipata bima kwenye makubaliano" anamdanganya.

Mjane hali yake ni tofauti. Mstaafu akifariki, mwenza wake hubaki na TRICARE, na akifika 65 huingia TRICARE for Life kwa sharti lile lile la Sehemu B. Akiolewa tena huipoteza, na hata ndoa hiyo mpya ikivunjika haki hairudi. Huku watu huchanganya mambo mawili. Upo mpango wa SBP, ambao mstaafu hukatwa sehemu ya pensheni ili mwenza wake aendelee kupata fedha za kila mwezi baada ya kifo. Huo ni mpango wa kipato. Mstaafu asiyeuchukua humwacha mjane bila pensheni, lakini hakumnyang'anya bima ya afya.

Ukirudi nyumbani

Wengi hupanga kustaafu wakiwa Nairobi, Arusha au Mombasa, ambako pensheni ya dola huenda mbali. Bima nayo husafiri, kwa sura nyingine. Prime haipatikani kwa wastaafu walio nje ya Marekani, hivyo aliye chini ya miaka 65 hutumia Select ya ng'ambo. Aliyefika 65 hubaki na TRICARE for Life, lakini Medicare kwa kawaida hailipi matibabu yanayofanyika nje ya Marekani na himaya zake, kwa hiyo TRICARE huwa mlipaji wa kwanza. Mgonjwa hubeba dola 150 za mwanzo za mwaka, au 300 kwa familia, ikiwa aliingia jeshini kabla ya 2018, kisha huchangia asilimia 25 ya gharama zinazokubalika.

Na Sehemu B? Bado ni lazima. Mzee anayeishi Kisumu hulipa zaidi ya dola 200 kila mwezi kwa bima ambayo haitamlipia hata kidonge kimoja Kisumu, kwa sababu bila hiyo TRICARE, ambayo ndiyo inayomlipia, husimama. Bunge liliandika sharti bila kuwasamehe walio ng'ambo, na kwa maoni yangu hiyo ni dosari ya sheria. Lakini dosari haiepukiki kwa kuikasirikia. Wanaoifuta Sehemu B mara tu wafikapo nyumbani hupoteza kinga yote, na wakitaka kurudi hukutana na ile nyongeza ya asilimia 10 kwa mwaka. Kwa ugonjwa ambao VA imekubali kuwa umetokana na utumishi, upo mpango wa VA wa matibabu ya nje, lakini huo ni wa mkongwe mwenyewe, na mkewe hamo.

Hospitali nyingi za Afrika Mashariki hazidai moja kwa moja kwa TRICARE. Jiandae kulipa kwanza kisha kudai urejeshewe, jambo linalohitaji akiba, kwani upasuaji hauwezi kungoja fedha zitoke Marekani. Madai ya matibabu ya ng'ambo huwasilishwa ndani ya miaka mitatu, tofauti na mwaka mmoja kwa yale ya ndani ya Marekani, na huhitaji bili inayotaja ugonjwa na kila huduma iliyotolewa pamoja na uthibitisho kwamba umelipa. Risiti iliyoandikwa "matibabu" na jumla ya shilingi haitoshi. Omba mchanganuo kabla hujaondoka hospitalini, na anwani yako mpya iwe imekwisha kuandikwa katika DEERS.